Mlango wa Biashara na Funguo Zake Mbili

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewafungulia waja wake milango ya riziki katika bara na bahari. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ambaye kabla ya kupewa utume alikuwa mfanyabiashara, akaipeleka Sham mali ya Bibi Khadija na kuirejesha na faida, na watu wa Makka wakamwita Al-Amin, yaani Mwaminifu.

Amma baad. Wasomaji wetu wapendwa, mwezi huu tumependa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengi wakalidhania kuwa ni la mawaziri na wenye meli, kumbe lagusa chungu cha kila nyumba. Jambo hilo ni taratibu za biashara: yaani zile hati, mihuri, mizani, ukaguzi na malipo ambayo bidhaa huyapitia tangu kutoka mikononi mwa aliyeizalisha hata kufika mikononi mwa mwenye kuitumia. Nchi zetu za Afrika ya Mashariki zina ardhi, zina mvua, zina bandari na zina watu wenye bidii. Walakini mali isiyoweza kufika inakotakiwa, kwa wakati wake na katika hali iliyotajwa, ni kama maji ya kisima kisicho na kamba. Yanaonekana, wala hayanyweki.

Sisi twaona kwamba mlango wa biashara una funguo mbili. Ufunguo wa kwanza umo mkononi mwa Serikali, nao ni wepesi. Ufunguo wa pili umo mkononi mwa mfanyabiashara, nao ni amana. Mmoja peke yake haufungui. Na katika miaka hii ya karibuni tumeshuhudia mambo yaliyolithibitisha neno hili waziwazi.

Gunia moja la mahindi

Tuchukue mfano wa gunia moja la mahindi lililonunuliwa katika soko la Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma, likatakiwa Nairobi. Gunia hilo lapita kwa mkulima, kwa dalali, kwa mpimaji, kwa mwenye lori, kwa wakala wa forodha, kwa mkaguzi wa mimea, kwa askari wa barabarani, na kwa maofisa wa mpakani Namanga, ndipo lifike kwa mwenye kinu, kisha dukani, kisha nyumbani. Kila mkono uliogusa gunia hilo umeongeza kitu katika bei. Mkono mwingine umeongeza kwa haki, kwani umefanya kazi. Mkono mwingine umeongeza kwa kuchelewesha tu.

Na kuchelewesha kuna gharama kubwa kuliko watu wadhaniavyo. Mwenye lori hudai malipo ya kila siku. Dereva na utingo wake wanakula na kulala njiani. Nafaka yapata umande. Nyanya na ndizi, ambazo hazina subira ya mahindi, zaoza. Na fedha ya mfanyabiashara imefungwa humo ndani, haiwezi kufanya kazi nyingine.

Tufanye hesabu ndogo ambayo hata kijana wa skuli ataifahamu. Mtu ana mtaji wa shilingi 1,000,000, na kila mzunguko wampatia faida ya shilingi 50,000. Ikiwa taratibu ni ndefu hata azunguke mara moja tu kwa mwezi, atapata hizo 50,000. Ikiwa taratibu zimefupizwa akaweza kuzunguka mara tatu, atapata 150,000, na hakuongeza hata senti moja katika mtaji wake wala katika bei. Tena akiwa mtu wa insafu aweza kupunguza faida yake ikawa 30,000 kila mzunguko, mnunuzi akapata nafuu, na yeye mwenyewe akabaki na 90,000. Basi hapa pana baraka mbili katika tendo moja: mwuzaji amezidi, na mnunuzi amepunguziwa. Hivyo ndivyo nchi ikuavyo kiuchumi pasipo kumnyang'anya mtu chochote.

Wazee wetu wa pwani walikuwa wakizingoja pepo. Majahazi ya Arabuni na ya Hindi yalikuja na kaskazi, yakarejea kwao na kusi, na katikati watu walingoja miezi. Hakuna aliyelaumiwa, kwani upepo ni amri ya Mungu. Lakini lori lisimamapo mpakani siku kumi kwa sababu hati moja yatakiwa kupigwa mihuri na ofisi tano, hapo hatungoji upepo. Twamngoja mwanadamu mwenzetu, na mwanadamu aweza kuambiwa abadili taratibu zake.

Ufunguo wa kwanza: wepesi wa Serikali

Haifai kusema kwamba hakuna lililofanywa. Mkataba wa Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini mwezi wa Machi 2004, ukaanza kutumika Januari 2005 baina ya Kenya, Uganda na Tanzania. Baadaye, mwaka 2014, ulianza mpango uitwao Himaya Moja ya Forodha. Maana yake ni hii. Zamani mzigo uendao Kampala ulishushwa Mombasa, ukawekewa dhamana, ukasafiri hata mpaka wa Malaba, na hapo ukaanza kuandikiwa upya kana kwamba ndiyo kwanza utoke melini. Katika mpango mpya, ushuru hulipwa Serikali ya Uganda mzigo ungali bandarini Mombasa, kisha mzigo hupewa ruhusa ya safari moja. Jumuiya yenyewe ilitangaza kwamba safari ya Mombasa mpaka Kampala, iliyokuwa ikichukua siku 18, ilishuka ikawa kama siku 4, na ile ya Mombasa mpaka Kigali ikatoka siku 21 ikawa 6.

Pia vikajengwa vituo vya pamoja mpakani. Kituo cha kwanza cha namna hiyo katika Afrika kilikuwa Chirundu, baina ya Zambia na Zimbabwe, kilichoanza kazi Desemba 2009. Kwetu sisi, Holili na Taveta, na Rusumo baina ya Tanzania na Rwanda, vilifunguliwa mwaka 2016. Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, Namanga Desemba 2018, na Tunduma, mpakani mwa Zambia, mwaka 2019. Katika vituo hivyo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, kila mmoja kwa upande wa nchi inayoingiwa. Msafiri hasimami mara mbili, wala hapangi foleni mara mbili. Akimaliza kwa ofisa wa nchi anayotoka, ofisa wa nchi anayokwenda yu meza ya pili.

Na jambo hili si la Afrika ya Mashariki peke yake. Nchi za Shirika la Biashara Duniani zilikubaliana huko Bali, Indonesia, Desemba 2013, juu ya mkataba wa kurahisisha biashara. Mkataba huo uliwekewa sharti kwamba hautaanza mpaka theluthi mbili za nchi wanachama ziuridhie. Tarehe 22 Februari 2017 sharti likatimia, na nchi zilizotimiza hesabu siku hiyo zilikuwa Oman, Jordan, Chad na Rwanda. Wasomaji wetu watatambua kwamba tatu katika hizo nne ni nchi ambazo wengi wa watu wake ni Waislamu, na ya nne ni jirani yetu. Kenya ilikuwa imeuridhia mwaka 2015, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Miongoni mwa mambo yaliyomo ni kwamba kila nchi itangaze waziwazi taratibu zake na ada zake, ili mtu ajue kabla hajafunga safari atatakiwa nini na atalipa kiasi gani. Na bidhaa zenye kuoza zipewe haki ya kutangulizwa.

Kutangaza bei na ada ni jambo ambalo Uislamu uliliangalia zamani sana. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) aliwakataza watu kwenda kuzipokea kafila za biashara njiani kabla hazijafika sokoni. Kwa nini? Kwa sababu mwenye kafila hajaijua bei ya soko, na mwenye kumlaki njiani anaijua, basi humnunulia kwa bei ya ujinga wake. Dhulma hii ingaliko hata leo, pale dalali anapomfuata mkulima shambani kabla hajasikia bei ya mjini. Na dada yake ni dhulma ya ofisi isiyobandika ada zake ukutani, ikawa kila mtu hulipa kadiri ya woga wake.

Serikali zetu pia zimeanza kupunguza idadi ya milango. Mwaka 2019, kwa mfano, Tanzania iliiondoa kazi ya kusimamia usalama wa chakula katika iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, ikaitia katika Shirika la Viwango, ili mwenye kuuza chakula asiulizwe na taasisi mbili jambo ambalo moja yatosha kuliuliza. Hii ndiyo njia. Kila ofisi iulizwe: je, kazi yako yalinda watu, au yakulinda wewe?

Mlango ulipofungwa

Sasa tufike kwenye fundisho lililotufanya tuyaandike haya. Tarehe 5 Machi 2021, mamlaka ya chakula na kilimo ya Kenya ilitoa amri ya kuzuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda, kwa kusema kwamba yamepimwa na kuonekana yana sumukuvu kupita kiasi. Malori yakasimama. Baada ya siku chache tu amri ile ililegezwa, yakawekwa masharti: mwenye kuingiza mahindi ajiandikishe, mzigo uwe na cheti cha kuonyesha asili yake, na uwe na cheti cha kupimwa sumukuvu, kwamba haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja.

Hatutaki kuingia katika siasa ya jambo lile, kwani kila upande ulikuwa na la kusema. Lakini tutazame jambo moja. Jengo la Namanga lilikuwa jipya na zuri. Maofisa walikuwa chini ya paa moja. Ushuru wa mahindi ya Jumuiya haukuwapo. Ufunguo wa kwanza ulikuwa umekwisha kuzungushwa, na mlango ukafungwa vilevile, kwa kuwa mnunuzi hakuwa na yakini juu ya kilichomo ndani ya gunia.

Na hofu ile haikuwa ya bure. Sumukuvu ni sumu itokanayo na ukungu uotao juu ya mahindi na karanga zilizowekwa hali zina unyevu. Haionekani kwa macho, haina ladha, wala moto wa jikoni hauimalizi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini. Ikiliwa kwa wingi huua kwa siku chache. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani za Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hii, na 125 katika hao wakafa. Mahindi yale hayakuwa ya kigeni. Yalikuwa ya watu wenyewe, yamevunwa na kuwekwa ghalani kabla hayajakauka.

Ufunguo wa pili: amana ya mfanyabiashara

Sasa wasomaji na waikumbuke khabari aliyoipokea Imamu Muslim kutoka kwa Abu Hurayra. Mtume (s.a.w.) alipita penye chungu la nafaka sokoni, akatia mkono wake ndani, vidole vikagusa umajimaji. Akamwuliza mwenyewe sababu yake, naye akajibu kwamba ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamwuliza mbona hakuuweka ule unyevu juu ili watu wauone, kisha akasema kwamba mwenye kughushi si katika yeye.

Fikirini juu ya tukio hili. Mtume hakumlaumu yule mtu kwa mvua, kwani mvua si kosa lake. Alimlaumu kwa kuficha. Na kile kilichofichwa, unyevu ndani ya chungu la nafaka, ndicho hichohicho ambacho leo chakaguliwa na vyombo vya maabara pale mpakani. Zaidi ya karne kumi na tatu zimepita, na mkaguzi angali akitia mkono katika gunia akitafuta maji. Basi Mwislamu aambiwapo mahindi yake yapimwe, asione kwamba amedharauliwa au amewekewa kikwazo cha kizungu. Amerudishwa kwenye suna ya soko la Madina.

Kanuni za Afrika ya Mashariki zataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Hili laanza nyumbani, si mpakani. Mahindi yasianikwe juu ya udongo mtupu, bali juu ya turubai au jukwaa. Yasipukuchuliwe kwa kupigwa hata yakapasuka, kwani punje iliyopasuka ndiyo mlango wa ukungu. Yaliyooza na yenye rangi ya ajabu yachambuliwe na kutupwa, wala wasipewe kuku wala ng'ombe, kwa kuwa sumu huwadhuru wao pia. Magunia yasilazwe sakafuni wala yasiegemezwe ukutani.

Na kwa asiye na chombo cha kupimia, iko njia nyepesi ambayo mama yeyote aweza kuifanya jikoni. Atwae chupa kavu ya kioo, atie mahindi kiasi cha theluthi ya chupa, kisha atie vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyo kavu sana. Aifunge, aitikise kwa dakika moja, aiache itulie kama robo saa. Chumvi ikigandama ukutani mwa chupa, mahindi hayajakauka, na yarudishwe juani. Chumvi ikianguka chini yote, yamekauka kiasi cha kuweza kuwekwa. Njia hii haipimi sumu, hupima unyevu tu. Lakini aliyeuzuia unyevu mapema amekwisha kuuziba mlango ambao sumu huingilia.

Amana ya pili ni ya mizani. Katika masoko yetu kuna desturi iitwayo lumbesa, yaani gunia lishonewalo kilemba juu hata likapita kipimo chake, na mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wa Tanzania umekuwa ukiipiga vita desturi hii, na Kenya kwa kanuni za viazi za mwaka 2019 ilitaka gunia la viazi lisizidi kilo 50. Lakini kabla ya sheria hizi, Mwenyezi Mungu aliteremsha sura nzima iliyopewa jina la wapunjao, nayo ni Surat al-Mutaffifin, akawaonya watu ambao wakipimiwa hutaka watimiziwe, na wakiwapimia wengine hupunguza. Mnunuzi wa lumbesa akiingia sokoni kununua hutaka kilemba, na akifika mjini kuuza hupima kwa kilo. Je, aya zile zahitaji tafsiri zaidi ya hii?

Wala tusidhani kwamba lumbesa ni hasara ya mkulima tu. Biashara ya mbali haiwezi kukua pasipo kipimo kimoja. Mtu aliye Nairobi au Muscat hawezi kuagiza magunia 500 kwa simu ikiwa gunia la leo si gunia la jana. Atalazimika kuja mwenyewe, au kutuma mtu wake, na gharama hiyo ataikata katika bei ya mkulima.

Wenye meza na wenye njia za panya

Tuseme na wale waliokaa nyuma ya meza za ukaguzi, wengi wao ni ndugu zetu na watoto wetu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu mmoja wa kabila la Azd kukusanya zaka. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili, akasema hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, aone kama angeletewa zawadi hiyo au la. Kila ofisa na ajiulize suala hili apewapo kitu na mwenye lori. Kama ungekuwa nyumbani kwa mama yako, angekuletea? Ikiwa asingekuletea, basi hicho si zawadi, ni rushwa, na Mtume amemlaani mwenye kutoa na mwenye kupokea.

Na hapa yatubidi tuwe wakweli. Taratibu ngumu huzaa rushwa, na rushwa huzitaka taratibu ziendelee kuwa ngumu. Ofisa mwenye kula kwa kuchelewesha hatapenda siku zishuke kutoka 18 hadi 4. Kwa hiyo kila hati iliyoondolewa bila kudhuru usalama wa watu ni mlango mmoja wa haramu uliozibwa, na Serikali ifanyayo hivyo imewasaidia raia wake katika dini yao, ikiwa imekusudia au haikukusudia.

Kwa upande wa pili wako ndugu wasemao kwamba kupita njia za panya si dhambi, kwa kuwa mipaka iliwekwa na wakoloni, na ushuru haumo katika zaka. Hoja hii twaisikia sana, na tungependa ijibiwe kwa upole. Ni kweli mipaka mingi ilipigwa na wageni, na watu wa kabila moja wakajikuta katika nchi mbili. Lakini mwenye kukubali paspoti, barabara, hospitali na ulinzi wa nchi amekwisha kuingia katika ahadi, na Waislamu wameamriwa kutimiza ahadi zao. Tena tutazame madhara. Mwanamke apitaye porini usiku na gunia kichwani hana wa kumlinda akiporwa, hawezi kumshtaki aliyemdhulumu, na kila amkutaye njiani humtisha na kumtoza. Atalipa mara nyingi kuliko ushuru wenyewe. Na gunia lile halikupimwa, nalo laenda kuliwa na watoto wa watu.

La kusikitisha ni kwamba wengi wapitao huko hawana haja ya kupita. Jumuiya imeweka utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo. Bidhaa zilizozalishwa katika nchi za Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, hupewa mpakani cheti rahisi cha asili ya bidhaa, nazo hazitozwi ushuru wa forodha. Cheti chenyewe hutolewa bure. Yabaki masharti ya usalama, kama cheti cha afya ya mimea kwa nafaka, na malipo mengine ya kisheria yakiwapo. Basi mwanamke mwenye magunia yake kumi ya mahindi ana haki ya kupita mlango mkubwa mchana kweupe. Asiyemwambia haki hiyo, naye aijua, amemficha riziki yake.

Kuandika ni ibada

Jambo la mwisho ni kalamu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo ni aya ya 282 ya Surat al-Baqara, haikuzungumza juu ya vita wala mirathi. Imezungumza juu ya kuandika deni: aandike mwandishi mwadilifu, washuhudie mashahidi, wala watu wasichoke kuliandika, likiwa dogo au kubwa. Ilhali twaona katika miji yetu watu waliopewa aya hii wakikopeshana kwa mdomo, wakishirikiana bila hati, na mzee akifariki warithi wakawa maadui.

Mwenye daftari huwa na ushahidi. Aweza kuonyesha stakabadhi ya alichonunua na asili yake, akapewa cheti pasipo wasiwasi. Aweza kumwonyesha mshirika faida na hasara, akapata mtaji wa halali kwa njia ya mudharaba badala ya kukimbilia riba. Na aweza kuijua zaka yake, kwani mtu asiyejua mali yake atatoaje fungu la arobaini?

Basi nasaha zetu kwa ufupi ni hizi. Serikali zetu zipunguze hati, zibandike ada zao hadharani kwa Kiswahili, na zisifunge mpaka kwa ghafula mali ya watu ikiwa njiani, bali zitoe onyo na muda, isipokuwa pale penye hatari ya roho za watu. Wafanyabiashara wakaushe, wapime, waandike, na waitaje aibu ya bidhaa kabla mnunuzi hajaigundua. Akina mama wenye biashara ndogo wasafiri kwa vikundi, wadai cheti chao, na waulize ada kabla ya kulipa. Na vijana wetu wajifunze kazi za forodha, hesabu, na upimaji wa chakula, kwani kazi hizi zina heshima na riziki, na umma wazihitaji. Madrasa zetu ziwafundishe watoto hukumu za biashara kama ziwafundishavyo hukumu za udhu, maana mtoto atatawadha mara tano kwa siku, na atauza na kununua siku hiyohiyo.

Imepokewa kutoka kwa Hakim bin Hizam kwamba mwuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainishiana, biashara yao hutiwa baraka, na wakificha na kusema uwongo, baraka hufutwa. Hatujaona mtaalamu wa uchumi aliyelisema jambo hili kwa maneno machache kuliko hayo. Twamwomba Mwenyezi Mungu azifanye nyepesi njia za wafanyabiashara wetu, azitie amana nyoyo zao, na awape viongozi wetu busara ya kukumbuka kwamba nyuma ya kila lori lingojalo mpakani kuna nyumba yenye watoto.

Wabillahi tawfiq.